Damu imerudi na hedhi ilishakoma: mwongozo kamili wa kufuatilia vipimo mpaka majibu, kwa walio Mtwara na Lindi

Mama mdogo wangu wa Newala hahesabu miaka kwa kalenda. Hedhi yake ilikoma mwaka aliozaliwa mjukuu wake wa kwanza, na siku alipoona damu tena, mjukuu huyo alikuwa darasa la pili. Ilikuwa katikati ya msimu wa korosho. Alikuwa ameinama chini ya mkorosho anaokota, akahisi unyevu, akaingia ndani na kukuta doa kwenye kanga, dogo kama sarafu ya mia mbili. Akacheka. "Ujana umenirudia," alimwambia jirani yake. Akaifua ile kanga, akarudi shambani.

Tangu doa lile mpaka siku mtaalamu alipomwangalia kwa macho ilipita miezi mitano. Katikati hapo alimeza dozi tatu za dawa ya UTI, akatumia vidonge vya fangasi vya kuingiza ukeni, akachemsha mizizi na kuinywa. Kati ya wote waliompa dawa, hakuna aliyemwambia apande kitandani aangaliwe. Mwongozo huu umetokana na miezi hiyo mitano.

Jambo la kushika ni moja: ukishamaliza mwaka mzima bila hedhi, damu yoyote inayotoka ukeni haipewi dawa kabla haijajulikana inatoka wapi. Yoyote maana yake hata tone moja, hata majimaji ya rangi ya chai au ya pinki, hata kama imetoka siku moja ikakata yenyewe. Kukata hakumaanishi kupona. Na yale maneno ya "damu chafu inatoka, iache itoke" tuliyoyasikia kwa bibi zetu, hapa hayana kazi. Nyakanga, wale walezi wa unyago, walitufundisha mengi kuhusu damu inapoanza. Kuhusu inapokoma, mimi sikumbuki nikifundishwa lolote.

Kwanza, jua ni damu ya wapi

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma ukishapita miezi 12 mfululizo bila kuiona. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Kama mara ya mwisho ilikuwa miezi minne iliyopita, bado uko kwenye kipindi cha kuyumbayumba, ingawa damu nyingi kupita kawaida au inayotoka baada ya tendo la ndoa nayo inataka kuangaliwa.

Halafu kuna suala la kwetu. Mikoa ya kusini ina kichocho, na kichocho cha njia ya mkojo hutoa damu. Mama aliyekuwa akivuka mabonde ya mpunga na kuoga mtoni tangu utoto anaweza kuona chupi ina damu akadhani ni kizazi, kumbe ni mkojo. Kinyume chake pia hutokea: damu ya kizazi ikaitwa kichocho. Bawasiri nayo huacha alama kwenye nguo. Jaribio la nyumbani ni jepesi. Kojoa kwenye kopo safi uangalie rangi. Jifute mbele kwa kitambaa cheupe, kisha nyuma kwa kingine. Vaa pedi nyeupe au kitambaa cheupe siku nzima uone doa limekaa wapi. Ila hata ukipata jibu la "ni mkojo", hospitali bado utakwenda, kwa sababu damu kwenye mkojo nayo ina sababu zake. Tena kichocho kinaweza kushambulia uke na mlango wa kizazi wenyewe, kwa hiyo mtajie daktari mto uliokuwa ukioga.

Andika mambo machache kwenye kidaftari, au mwambie mjukuu akuandikie: mwaka hedhi ilipokoma, tarehe za damu, rangi yake, pedi ngapi kwa siku, kama ilitoka baada ya tendo la ndoa, na dawa zote unazotumia. Dawa zina uzito mkubwa. Za kuzuia damu kuganda huongeza kutokwa damu. Tamoksifeni, ambayo hupewa baadhi ya waliotibiwa saratani ya matiti, huweza kunenepesha utando wa ndani wa kizazi. Taja pia mizizi, na kitu chochote ulichoingiza ukeni ili "kubana" au kukausha. Najua hilo ni gumu kulisema mbele ya kijana wa umri wa mwanao. Liseme hivyo hivyo, na vitu hivyo viache leo, maana vinachubua na kuficha kinachotafutwa. Siku mbili kabla ya kuangaliwa usiingize kitu, usijisafishe kwa ndani.

Ukilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, saa mbili mfululizo, au ukihisi kizunguzungu, moyo kwenda mbio, macho kuingia giza, hayo ya kidaftari yaache. Tafuta usafiri uende hospitali usiku huo huo.

Hofu yenyewe tuiseme

Mara nyingi sababu si saratani. Inayoongoza ni ngozi ya uke na utando wa kizazi kuwa nyembamba na kavu baada ya homoni kupungua. Inachubuka kirahisi na kutoa damu. Nyingine ni polipu, yaani vinyama vinavyoota ndani ya kizazi au mlangoni, au utando kunenepa kupita kiasi, au maambukizi. Tafiti za nchi nyingi zikijumlishwa, katika wanawake kumi wanaotokwa damu baada ya ukomo wa hedhi, takribani mmoja hukutwa na saratani ya mfuko wa uzazi. Ukigeuza hesabu utaona kwa nini nakusukuma: katika wanawake kumi wenye saratani hiyo, tisa hivi walianza kwa kuona damu. Ni ugonjwa unaobisha hodi mapema, na ukikamatwa ungali ndani ya kizazi, wengi hupona kwa upasuaji.

Kwetu Tanzania ongeza saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Anayeishi na VVU yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya hiyo. Ile ya mfuko wa uzazi huwapata zaidi wenye uzito mkubwa, wenye kisukari, wenye presha na ambao hawakuzaa. Lakini nimeona watu wakiitumia orodha hii kujitoa kwenye foleni: "Mimi mwembamba, nimezaa saba." Nenda hivyo hivyo.

Pa kuanzia

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, si kwa sababu watamaliza kazi, bali kwa sababu ya barua ya rufaa. Ukiruka ngazi, bima inaweza kukataa kulipa, na hospitali kubwa wanaweza kukurudisha. Shida ya ngazi hii ni kwamba dawa ziko karibu kuliko kitanda cha uchunguzi. Mwanamke akisema "natokwa na uchafu wenye damu", kalamu inaandika antibaiotiki. Kwa hiyo usianze na neno uchafu. Sema hivi, hata kama ni kwa kusoma kidaftari:

"Daktari, hedhi yangu ilikoma mwaka fulani. Tarehe fulani nimeona damu tena. Naomba niangaliwe mlango wa kizazi, na kama hapa haiwezekani naomba rufaa ya kupimwa kizazi kwa ultrasaundi na kuchukuliwa kinyama cha kupimwa maabara."

Mama mdogo alipoyasema maneno haya, kwenye kituo kile kile kilichompa dozi ya tatu, mganga aliweka kalamu chini akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza. Rufaa ilitoka siku hiyo.

Kutoka hapo kuna hospitali za wilaya, kisha za rufaa za mkoa: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Ziko za misheni ambazo watu wa bara ya mikoa hii wamezizoea miaka mingi, Ndanda upande wa Masasi na Nyangao upande wa Lindi, zote zikiwa kwenye barabara kuu ya lami. Juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mitengo, Mtwara. Wa Newala au Tandahimba apime njia: mara nyingine kushuka Masasi mpaka Ndanda kunamfaa kuliko kuteremka Mtwara mjini. Kabla ya kupanda gari, mtu apige simu au aulize kwa aliyetoka huko karibuni: daktari wa magonjwa ya wanawake yupo siku gani, na mashine ya ultrasaundi inafanya kazi? Nauli imepotea sana kwa kutouliza hayo mawili.

Kitandani

Hiki ndicho wengi wanakikimbia. Utavua chupi, utajifunika kanga, utalala chali magoti yamekunjwa. Mtoa huduma ataingiza kifaa kinachofungua uke, chenye umbo la mdomo wa bata, aone kuta na mlango wa kizazi. Kisha ataingiza vidole viwili huku mkono mwingine ukibonyeza tumbo, kupima ukubwa wa kizazi. Dakika chache, imekwisha.

Kwa aliyekoma hedhi uke ni mkavu, na kwa mjane aliyekaa miaka bila mume unaweza kuuma kweli. Omba kifaa kidogo, omba kilainishi, omba nesi wa kike awepo chumbani. Ukisema "naumia, simama kwanza", lazima asimame. Kama unatoka damu siku hiyo, usighairi. Kuiona inatoka wapi ndiyo faida yenyewe.

Hapa pana mtego. Wengi wameshapimwa "kwa siki", kile kipimo cha mlango wa kizazi kinachotolewa bure vituoni, wakaambiwa wako salama. Kipimo hicho kinawalenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50 wasio na dalili. Baada ya hedhi kukoma, sehemu inayotakiwa kuonekana huingia ndani ya mfereji wa mlango, siki haiifikii vizuri. Na hakigusi kabisa ndani ya mfuko wa uzazi. Kwa hiyo kadi ya siki ya mwaka jana haifungi mjadala wa damu ya leo. Kikionekana kidonda au uvimbe mlangoni, kinachotakiwa ni kukata kinyama pale penye kidonda, si kurudia siki.

Siku hiyo hiyo utapimwa wingi wa damu, mkojo, sukari, presha na VVU. Hayo yanakwenda haraka.

Ultrasaundi

Ziko namna mbili. Ya juu ya tumbo unakunywa maji mpaka kibofu kijae. Ya kuingiza ukeni unakojoa kwanza, kisha kijiti chembamba kilichovikwa kondomu kinaingizwa taratibu. Kwa tatizo hili ya pili ndiyo bora, kwa sababu inasogea karibu na kizazi na kupima unene wa utando kwa milimita. Uliza kama ipo. Kama haipo, ya tumbo si bure, lakini unene wake usiutegemee sana, hasa kwa mtu mnene.

Karatasi ya majibu itafute namba moja: unene wa utando wa ndani. Kwa aliyekoma hedhi na anayetoka damu, ukiwa milimita 4 au pungufu, na umeonekana vizuri wote, uwezekano wa saratani ya mfuko wa uzazi ni mdogo sana, chini ya 1 kwa 100. Ukizidi 4, au haukuonekana vizuri, kinyama kichukuliwe. Na hata ukiwa 3, damu ikirudi tena miezi ijayo, kinyama kichukuliwe vilevile. Karatasi iliyoandikwa tu "kizazi kiko kawaida" bila namba irudishe dirishani, uombe namba. Usione haya, umeilipia.

Kinyama

Neno "kukatwa kinyama" linatisha kuliko kazi yenyewe. Kuna mrija mwembamba wa plastiki, kama wa kunywea soda lakini mwembamba zaidi, unaopitishwa kwenye mlango wa kizazi na kuvuta chembe za utando. Hulazwi. Maumivu ni kama ya hedhi ya zamani, makali kwa dakika moja hivi. Meza panado saa moja kabla. Ibuprofeni nayo husaidia, ila mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha aulize kwanza. Pale ambapo mrija huo haupo, au mlango umebana, watakupeleka chumba cha upasuaji wakukwangue kwa dawa ya usingizi au ganzi. Hicho ndicho watu wanakiita "kusafishwa".

Na kusafishwa ndiko kunakoharibu kesi nyingi. Mwanamke anasafishwa, damu inakata kwa miezi miwili, anafurahi. Kilichokwanguliwa kiko wapi? Kimemwagwa. Basi kabla hujapanda kitandani muulize daktari: "Kinachotoka kinapelekwa maabara?" Mwenzako aliye nje ashike kichupa kwa macho: kina maji ya formalini, jina lako limeandikwa kwenye kichupa chenyewe na si kwenye kifuniko, na fomu ina umri wako, mwaka wa kukoma hedhi na neno damu. Kinyama kikiwekwa kwenye maji ya kawaida huoza na majibu hayapatikani. Wakati mwingine ndugu hupewa kichupa akisafirishe mwenyewe kwenda hospitali kubwa. Kifungwe vizuri, kisimamishwe wima ndani ya mfuko wa pili wa plastiki, kikae mbali na chakula na watoto, kisiwekwe kwenye friza. Ile harufu inayowasha macho ni ya formalini, usifungue kuhakikisha.

Ukirudi nyumbani, damu kidogo siku moja mbili ni kawaida. Homa, harufu mbaya, maumivu yanayozidi au damu nyingi si kawaida, rudi hospitali.

Kungoja, na kutosahaulika

Majibu ya kinyama huchukua wiki, si siku, kwa sababu wataalamu wa kuyasoma ni wachache na sampuli nyingi husafirishwa. Hapa ndipo watu wanapotea. Hospitali haina namba yako, au inayo ya mtoto aliyebadilisha laini. Wewe unasema wangenipigia kama kuna tatizo. Kimya si majibu. Kabla ya kuondoka andika namba ya sampuli, tarehe, maabara iliyokwenda, na dirisha la kuulizia. Acha namba mbili za simu. Weka tarehe ya kufuatilia, na ikifika, nenda au piga, hata kama hutoki damu tena.

Yakija, omba nakala yako. Utakutana na maneno machache. Atrofia ni ule wembamba na ukavu. Hutibiwa kwa vilainishi au krimu ya estrojeni ya ukeni. Polipu huondolewa, nayo husomwa maabara. Haipaplasia ni utando ulionenepa: isiyo na chembe zilizobadilika hutibiwa kwa homoni ya projestini na kurudia kipimo, yenye chembe zilizobadilika ni jirani wa saratani na mara nyingi hushauriwa kutoa kizazi. Kasinoma ni saratani. Na kuna jibu moja ambalo watu hulisoma vibaya: "sampuli haitoshi". Halimaanishi huna ugonjwa, linamaanisha hawakupata cha kusoma. Kama utando ulikuwa mnene, kipimo kirudiwe, ikibidi kwa kamera ndogo ya kuingiza ndani ya kizazi.

Ikiwa ni saratani, safari huenda Dar es Salaam, Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road, hasa kama mionzi inahitajika. Kutoka Mtwara ni kama kilomita 560. Panga siku za ziada, na msindikizaji mmoja anayejua kusoma karatasi, si watatu. Wakati wa mvua barabara huweza kukatika upande wa Kilwa, kama ilivyokatika Mei 2024 kwa kimbunga Hidaya. Ukikwama, piga simu kliniki siku hiyo hiyo uhamishiwe miadi. Beba sampuli na vioo vyake vya maabara kama hospitali imevitoa, pamoja na karatasi zote halisi, maana bila hivyo unaweza kuanzishwa upya.

Pesa, mume na sala

Najua hesabu ya kusini: kila kitu kinasubiri mnada wa korosho. Mama mdogo naye alisubiri. Lakini kuangaliwa na kuandikiwa rufaa ndiyo sehemu ya bei ndogo, ianze sasa. Kinachokuja mbele kitapangwa kwa majibu. Mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo kwenye vituo vya serikali, na kitambulisho cha mzee huanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Asiyefika umri huo, hospitalini aulizie ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya kukimbilia kukopa.

Wengine hukwama kwa swali la sala: nisali au nisisali? Muulize shehe, ni swali lake. La daktari lisisubiri jibu hilo. Kwa mume, mama mdogo alitumia njia yake. Hakumwambia "natoka damu". Alimwambia, "Nimeandikiwa rufaa," akamwonyesha muhuri. Baba mdogo akatoa nauli bila neno, na asubuhi yake akamsindikiza mpaka stendi amembebea mkoba.

Yake ilikuwa polipu, na utando ulionenepa usio na chembe mbaya. Alimeza vidonge miezi sita, akarudia kinyama, kikawa safi. Daktari alimwambia damu ikirudi, hata kidogo, asianze na duka la dawa, aje moja kwa moja na karatasi zake. Karatasi zenyewe ziko kwenye mfuko wa nailoni, zimekunjwa mara mbili pamoja na stakabadhi za korosho, chini ya godoro upande wa ukutani.